Rimu za Fit zinakaa kwenye IST?

SWALI: Mambo fundi, nipo Dodoma, nina Toyota IST ya zamani, nimeona rimu za sport used, orijino za Honda Fit, matundu manne, jamaa anasema zinaingia freshi tu. Nichukue?

JIBU: Poa kaka. Matundu manne peke yake hayasemi kitu, cha kuangalia ni PCD, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya matundu ya nati, na hapo umebahatika maana zote ni 4x100, matundu manne kwenye duara la milimita 100. Ila tundu la katikati la Fit ni milimita 56.1 na habu ya IST (kile kitovu cha gari rimu inapokaa) ni 54.1, yaani rimu inaingia lakini inabaki nafasi, tafuta ringi za kuziba hapo la sivyo ukishika lami ya Morogoro ukakanyaga mafuta usukani unaanza kutetemeka. Halafu nati! Rimu orijino za Honda kikalio chake, pale nati inapokaa, ni cha duara kama bakuli, nati za Toyota hazikai vizuri humo, mwambie akupe na nati zake, uzi wa nati ni uleule wa Toyota, milimita 12 kwa 1.5. Igeuze rimu uangalie nyuma kama imechomelewa, ya kuchomelewa mimi siigusi hata ya bure. Mwisho funga moja mbele, kata usukani pande zote mpaka mwisho, isiguse kitu, ndo utoe hela.