Rangi inabanduka kwenye chupa za jemu na glasi za mishumaa? Kagua mafuta kwanza

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini rangi uliyopaka kwenye glasi za mishumaa inabanduka kama ganda la kitunguu, na kwa nini glasi moja ilipasuka ulipoimiminia maji ya moto. Rangi usiilaumu. Nta na gundi ya lebo huacha utando wa mafuta ambao macho hayauoni, na rangi ikikaa juu yake inashika mafuta, haishiki kioo.

Tuanze na nta. Nta nyingi za mishumaa huyeyuka kati ya nyuzi joto 45 na 70, kwa hiyo maji yanayochemka hayana kazi hapa. Kioo cha kawaida kikimwagiwa moto ghafla, upande wa ndani hutanuka kabla ya ule wa nje, kikapasuka. Tandika kitambaa ndani ya sufuria, simamisha glasi juu yake, tia maji ya vuguvugu yafike nusu ya glasi kwa nje, kisha pasha taratibu. Nta ikilegea imwage kwenye kopo au gazeti. Ukiimwaga kwenye sinki itaganda ndani ya bomba na utamtafuta fundi. Kibati cha duara kilichoshika utambi king'oe hapohapo kikiwa na joto, kwani gundi yake ikipoa hushika upya.

Mwenye friza ana njia nyepesi zaidi. Glasi ikae humo kwa muda wa saa nne hivi. Nta husinyaa, na ukiichokoa kwa kisu butu cha mezani mara nyingi hutoka kipande kizima. Ila glasi ya friza isiguse maji ya moto mpaka iache ubaridi wote.

Lebo iloweke nusu saa kwenye maji ya moto kiasi yenye sabuni. Karatasi itatoka, gundi itabaki ikinata. Changanya kijiko cha mafuta ya kupikia na kijiko cha bekingi soda, pakaa, acha dakika 20 hadi 30, kisha sugua kwa kitambaa. Stilwaya iweke mbali, mikwaruzo yake haifutiki.

Wengi wakifika hapo husuuza na kuanza kupaka, na bila shaka hata wewe ulifanya hivyo. Gundi umeiondoa kwa mafuta. Sasa mafuta nayo yanataka kuondolewa. Osha mara mbili kwa sabuni ya vyombo, suuza, kisha angalia maji yanavyoteremka kwenye kioo. Yakitandaa kama shuka, kioo kimetakata. Yakijikusanya matone matone, rudia. Kikikauka kifute nje kwa spiriti, na kuanzia hapo kishike kwa kuingiza vidole ndani, maana vidole navyo vina mafuta.

Rangi ya akriliki idonoe kwa kipande cha sponji, usiiburuze kwa brashi. Mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza la rangi, utakuwa na mabaka na utakukatisha tamaa. Uache hivyohivyo saa nzima, kwa sababu ukiugusa ungali mbichi unaufuta. Mikono mitatu myembamba inashinda mmoja mzito. Ukitaka sura ya chungu cha udongo, kijiko kimoja cha bekingi soda kwa viwili vya rangi kinatosha. Kuoka kwenye oveni ni kwa rangi ambayo maelezo yake yanaruhusu tu, na chupa huingizwa kabla oveni haijawashwa na hupoa humohumo. Chombo cha kunywea acha sentimita 2 chini ya mdomo bila rangi.

Vipande vya kitenge vinapendeza kuliko rangi, kwa maoni yangu. Kifue na kukipiga pasi kwanza, kisichuje. Gundi nyeupe ya mbao sehemu 2 kwa maji sehemu 1: paka kioo, laza kitambaa, sukuma mapovu kutoka katikati kwenda pembeni kwa kadi ya zamani, paka tena juu. Kikauke siku nzima, kisha kimalizie kwa vanishi, kwa kuwa gundi hiyo ikilowa hugeuka nyeupe na kulegea.

Kitambaa, kamba ya katani na moto havikai pamoja. Chupa iliyopambwa hivyo itie taa ndogo za betri. Chupa tupu isiyo na pambo unaweza kuiwekea mshumaa mdogo wa kikombe cha bati, chini ukitanguliza mchanga mkavu sentimita 2, na kama ni ya kuning'iniza, ifunge shingo kwa waya. Mdomo ukiwa mwembamba moto hukosa hewa na kioo huwa cheusi kwa masizi. Wanaojaza mafuta ya taa kwenye chupa ya jemu eti wapate koroboi ya kisasa, waache. Kioo kikipasuka, mafuta yanayowaka yatamwagika mezani.

Glasi ya mshumaa wenye marashi usiirudishe jikoni kuwekea achari. Iwe ya kalamu, vifungo, au maua ya kutambaa yanayoota kwenye maji. Kwa hayo maua, kumbuka mbu wanaoeneza homa ya dengi hupenda vyombo vya majumbani vya namna hii, na Dar es Salaam ilipata mlipuko wa homa hiyo 2014 na tena 2019. Mwaga maji yote kila wiki na usugue ukuta wa ndani wa chupa, kwani mayai hayaelei; yamebandikwa pale juu kidogo ya maji.