Wale ng'ombe wa rangi rangi wa Chicago

SWALI: Mambo mhariri, kuna picha ya zamani shangazi yangu alipiga Chicago, kasimama na ng'ombe kachorwa maua mwili mzima yuko barabarani tu. Sasa hiyo ni sanaa au tangazo la maziwa? Na nani alilipa?

JIBU: Hahaha, maziwa hapana. Hiyo ni sanaa, itakuwa ya yale maonyesho ya ng'ombe wa barabarani ya 1999. Yalianzia Zurich, Uswisi, 1998, mfanyabiashara mmoja wa viatu wa Chicago akaenda kule akawaona akapenda, akarudi kuwashawishi wakubwa wa mji wake, na wakakubali, wakawekwa ng'ombe zaidi ya 300. Wenyewe ni sanamu za faibaglasi, yaani plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, ndani tupu, wanatoka kwenye moldi (kalibu) za mikao mitatu tu wakiwa weupe kabisa halafu kila msanii anapewa wake ajichoree anavyotaka. Wanaolipa ni wafadhili, kampuni na maduka. Msimu ukiisha wengi wanapigwa mnada, hela inaenda kwa wahitaji, na ule wa Chicago ulileta kama dola milioni 3.5! Kwa ng'ombe asiyekamuliwa, jamani.

Na Chicago ng'ombe wanawahusu kweli, machinjio yao yalikuwa maarufu dunia nzima mpaka yakafungwa 1971.

Baadaye wakaja sanamu za tembo wa kuchorwa, Rotterdam, Uholanzi, 2007, wale wa kuchangisha hela za kusaidia tembo wa Asia. Mimi binafsi tembo nawapenda zaidi, ubavu wao mkubwa, msanii anapata pa kuchezea. Shangazi alipiga ng'ombe wangapi? Tutumie na zingine bana.