Mshtakiwa au mdaiwa?

Swali: Ninaandika muhtasari wa filamu ya Denial ya mwaka 2016. Nimeandika kwamba "mshtakiwa, Profesa Deborah Lipstadt, alionekana hana hatia na kuachiwa huru". Rafiki yangu ananiambia niandike "mdaiwa". Lakini mdaiwa si mtu mwenye deni?
Msomaji, Morogoro

Jibu: Rafiki yako yuko sahihi, ndugu yangu, na marekebisho hayaishii kwenye neno hilo moja.

Mshtakiwa ni mtu wa kesi ya jinai. Anashtakiwa na dola, kwetu Tanzania ni Jamhuri, na ndiye anayeweza kutiwa hatiani au kuachiwa huru. Kwenye kesi ya madai kuna mdai na mdaiwa, na mahakama haitafuti mwenye hatia. Inaamua nani ana haki na alipwe nini.

Kesi ya Denial ni ya madai, tena ya kweli. Lipstadt, mwanahistoria wa Marekani, aliandika katika kitabu chake cha 1993 kwamba David Irving, mwandishi Mwingereza wa vitabu vya historia, anapotosha ushahidi ili kukanusha maangamizi ya Wayahudi. Mwaka 1996 Irving akafungua kesi London dhidi ya Lipstadt na kampuni ya Penguin iliyokichapisha kitabu hicho, akidai wamemchafulia jina. Kwa sheria ya Uingereza, kazi ya kuthibitisha kwamba yaliyoandikwa ni kweli ilikuwa ya mdaiwa. Hapo ndipo "mshtakiwa" linapoiharibu hadithi yenyewe. Sote tunajua mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka upande wa mashtaka uthibitishe. Msomaji wako atajiuliza: kama ni hivyo, kwa nini Lipstadt na wakili wake Richard Rampton wanafunga safari hadi Auschwitz, kambi ya Wanazi walikouawa Wayahudi wengi? Kwa nini Profesa Richard Evans, mwanahistoria aliyetoa ushahidi upande wa Lipstadt, anapekua vitabu vya Irving tanbihi kwa tanbihi? Ukiandika mdaiwa, na ukaeleza mzigo wa uthibitisho ulikuwa kwa nani, yote hayo yanaeleweka.

Kuhusu deni: kudai ni kutaka haki yako kwa mtu, iwe pesa, shamba au heshima. Habari za "wadaiwa sugu" wa mikopo ya elimu ya juu zimetuzoesha kufikiria pesa tu. Mtaani mtu husema "nitakushtaki" kwa kesi yoyote, na simlaumu. Lakini anayeandika habari za mahakama lazima atenganishe.

"Kuachiwa huru" nalo liondoke, kwani Lipstadt hakuwa ameshikwa na mtu. Andika: "Tarehe 11 Aprili 2000, Jaji Charles Gray alitupilia mbali madai ya Irving, na Lipstadt akashinda kesi."

Neno "mshtakiwa" linamfaa Irving mwenyewe, ila kwa kesi nyingine. Mwaka 2006 alipandishwa kizimbani Vienna, kwa kuwa Austria kukanusha maangamizi hayo ni jinai. Alikiri kosa, akatiwa hatiani na kuhukumiwa kifungo cha miaka 3.

Ukitaka kuitaja aina ya kesi ya London, "kesi ya kashfa" ni sahihi kisheria, lakini magazeti yamelitumia neno kashfa kwa ufisadi kiasi kwamba wengi watadhani kuna fedha zilizoibwa. Mimi ningeandika "kesi ya kuchafuliwa jina".