Anza na kile kinachonunuliwa tena na tena

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: familia changa yenye kipato kidogo ianze na kazi zipi za kushona na za mikono nyumbani, na je, bila cherehani inawezekana? Naandika kutoka Makorora, Tanga, mama wa watoto wawili, mmoja yuko darasa la kwanza na mwingine bado namfunga mbeleko. Bila cherehani inawezekana. Kuhusu kazi ya kuanza nayo, usitazame kinachopendeza, tazama kile kinachonunuliwa tena na tena.

Wengi wetu tukishika sindano tunakimbilia mapazia na vitambaa vya makochi. Ni vizuri, nyumba inang'aa, lakini pazia ukishanunua limekaa miaka. Nepi za kutupa, taulo za kike, dodoki, kitambaa cha kushikia sufuria, kaptula ya mtoto anayetambaa na kutoboa magoti kila kukicha, hivyo ndivyo vinavyomaliza pesa kimyakimya. Kaeni chini, baba na mama, muandike vitu vyote vya kitambaa au karatasi mlivyonunua mwezi huu vikaishia jalalani. Hiyo ndiyo orodha yenu ya kushona.

Kwa mtu ambaye hajawahi kushona, shule ya kwanza iko kabatini: kukunga kanga. Doti ya kanga huuzwa vipande viwili vikiwa vimeshikana, unakata katikati halafu unakunga zile ncha zilizokatwa, maana pembeni kiwandani wameshazimaliza. Kunja mara mbili, kila mkunjo kama nusu sentimita, pitisha kucha juu yake mpaka kitambaa kikubali, kisha shona kwa mkono mishono midogo inayolingana. Ukishakunga doti moja mkono umeshajua kukaza uzi bila kukunja kitambaa, na hiyo ni nusu ya ufundi wote. Mishono ya lazima ni miwili tu: bandi, ile ya kupita moja kwa moja kwa ajili ya kushikilia kwa muda, na mshono wa kurudi nyuma, ambao kila hatua sindano inarudi kidogo kabla ya kwenda mbele. Huo wa pili hauachii hata mtoto akivuta. Nguo ya kuvaliwa ishone kwa huo.

Sasa nepi, kwa sababu ndiko pesa iliko. Wifi yangu alipojifungua aliletewa kanga nyingi, akaniuliza, "Wifi, hizi mpya nikate nepi?" Nikamwambia, "Hizo jifunge mwenyewe, wifi. Nepi toa zile zilizochakaa." Kanga mpya ina dawa ya kiwandani, ni ngumu, na mkojo unateleza juu yake badala ya kunyonywa. Iliyofuliwa miaka na miaka imelainika na inanyonya. Kipande kimoja cha kanga kina urefu wa karibu sm 150 na upana wa karibu sm 110, kwa hiyo unapata miraba miwili ya nepi ya sm 70, na ubavuni unabaki ukanda wa karibu sm 40. Huo ukanda usiutupe. Ukate vipande vitano vya sm 30, kila kimoja kikunje mara tatu, ndani yake weka kipande cha taulo kuukuu, na hapo una kitambaa cha katikati cha kuongeza unyonyaji.

Nasisitiza kitu kimoja: usishone hicho kitambaa kinene cha katikati moja kwa moja kwenye nepi. Kiache peke yake. Masika ikianza, kuanzia Machi mpaka Mei, kitambaa kinene chenye matabaka yaliyoshonwa pamoja hakikauki kwa siku moja hapa pwani, na nepi mbichi ni upele. Vikiwa mbalimbali, kila kimoja unakitandaza kwenye kamba kikapata upepo. Na zipige pasi. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, funza wake huingia ngozini mwa mtoto na kufanya jipu. Jua kali na pasi ya moto ndiyo dawa. Sisemi mtu aache pampasi kabisa. Safarini na usiku zitumieni. Ila mchana nyumbani, nepi za kanga zinatosha, na pakiti moja inakwenda mbali sana.

Taulo za kike zinafuata, na hapa naomba akina baba msiruke aya hii, kwa sababu ni matumizi ya nyumba kama sukari. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye taulo hizi, mwaka 2019 kodi ikarudi. Binti anayekua hawezi kungoja hayo mambo yatulie. Kata kitambaa cha pamba umbo la taulo ya dukani, urefu wa sm 25 hivi, chenye mbawa mbili. Kata viwili, juu na chini. Katikati weka matabaka matatu au manne ya fulana kuukuu ya pamba. Shona pembeni kwa mshono wa kurudi nyuma, kwenye mbawa weka kifungo cha kubana ili ishike chupi. Kuzifua ni maji baridi kwanza, maana maji ya moto hugandisha damu kwenye kitambaa, kisha sabuni, kisha juani peupe. Kuficha kitambaa hiki chini ya godoro kikauke humohumo ni hatari kwa afya. Kama binti anaona haya kuanika, anika juu yake kanga nyepesi, jua litapita.

Kila nilichotaja kinataka pamba, na mitumba imechanganyika. Mkono unaweza kudanganywa. Mimi hununua kwanza kitu kimoja, nachomoa nyuzi chache pembeni, naziwasha kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka karatasi, na majivu yake ukiyasugua ni unga laini. Nailoni na poliesta zinayeyuka, zinajikunja, zinaacha punje ngumu nyeusi. Punje hiyo ukiiona, kitambaa hicho kifanye mfuko, usikipeleke kwenye ngozi ya mtoto wala kukishikia sufuria ya moto. Na kabla ya kukata pamba yoyote, ifue kwanza. Pamba hujikunyata, na foronya iliyokatwa kabla ya kufuliwa itaugomea mto.

Nimeitaja foronya kwa sababu shuka moja la pamba la kitanda cha futi sita kwa sita, la mitumba, lina kazi nyingi ndani yake. Kwa mto wa sm 50 kwa 75, kata ukanda wa upana wa sm 54 na urefu wa sm 175. Hesabu yake: 75 za mbele, 75 za nyuma, 20 za mfuniko unaoingia ndani, na 5 za kukunga ncha mbili. Kunga ncha zote mbili, kunja kitambaa kwa nje ndani huku mfuniko ukiwa umelala juu kabisa, shona pande mbili za ubavuni, geuza. Haina zipu wala kifungo. Kitakachobaki kwenye shuka ni magauni ya ndani ya mtoto, vitambaa vya jikoni, na shuka la kitanda cha mtoto.

Ndani ya mto? Tuko Tanga, jamani. Misufi imejaa mkoani, na sufi inapopasuka kiangazi watu huipita njiani. Toa mbegu, ianike, na uijaze ndani ya chumba kilichofungwa madirisha, pua umezifunga kitambaa, kwa sababu inaruka hatari. Kitambaa cha kuishika kiwe kimefumwa kwa kubana, la sivyo itachungulia nje. Mto wa sufi haufuliwi, unaanikwa juani ukapigwapigwa ukavimba tena. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asiwekewe mto wowote, wa sufi wala wa dukani.

Nguo za watoto. Kaptula ndiyo nguo ya kwanza ya kujaribu, na inatoka kwenye suruali kuukuu ya baba. Chukua kaptula ya mtoto inayomtosha, ikunje katikati mguu juu ya mguu. Geuza suruali ndani nje, mguu mmoja uutandaze, laza kaptula juu yake: mshono wa ubavuni ukutane na mshono wa ubavuni, na upindo wa chini ukutane na upindo wa suruali. Upindo huo wa suruali umeshakungwa na fundi, kwa nini uukunge tena? Chora kwa kipande cha sabuni, ongeza sm 1.5 kwa mshono na sm 4 juu kwa lastiki, kata. Fanya hivyo mguu wa pili. Shona kila mguu kwa ndani, kisha ingiza mguu mmoja ndani ya mwingine, nje kwa nje, shona ule mkunjo wa makalioni kutoka mbele hadi nyuma. Hapo pitisha mishono mara mbili, ndipo panapoachia mtoto akichuchumaa. Juu kunja njia ya lastiki, acha tundu la sm 3, pitisha lastiki kwa pini. Lastiki iwe fupi kuliko kiuno kwa sm 5 hivi. Tundu lishone kwa bandi tu, maana lastiki italegea kabla ya kitambaa kuchakaa, na utataka kuibadilisha.

Gauni la msichana lishone na upindo mpana chini, hata sm 8, unamfungulia kila anaporefuka. Ukitumia kanga, panga kata yako ili pindo lenyewe la kanga liwe chini ya gauni. Mapambo umepata bila kudarizi.

Sare ya shule, hasa shati, mpelekee fundi. Kola na mikono vinamtaka mtu aliyezoea, na shati lililokaa vibaya linamuaibisha mtoto mbele ya wenzake. Mimi kazi yangu kwenye sare ni vifungo, viraka na kufungua upindo. Na ukienda kwa fundi, muombe vipande. Wale wanaoshonea barazani kwenye zile barabara za namba za Ngamiani, hapa mjini Tanga, wanafagia vitenge kila jioni. Ukimwomba kwa adabu, "Shikamoo fundi, naomba vipande vinavyobaki," mara nyingi anakujazia mfuko. Vipande hivyo vikate miraba ya ukubwa mmoja, unganisha viwe mistari, kisha mistari uiunganishe, chini weka blanketi kuukuu, umepata shuka la kipupwe. Mapaja ya jinzi kuukuu nayo ni mikoba. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, mkoba wa sokoni ni kitu cha kila siku, na jinzi inabeba nazi na viazi bila kulalamika.

Kuna kazi za mikono zisizo na sindano ya nguo kabisa, na hizi ndizo za kwetu. Mama mkwe wangu husuka ukili, ule utepe mrefu wa majani ya ukindu, akiwa anazungumza, haangalii hata mikono. Ukili ukifika urefu wa kutosha unauzungusha na kuushona ubavu kwa ubavu, unapata kikapu, kawa ya kufunikia chakula au mkeka. Anayeanza aanze na kawa, duara dogo, makosa hayaonekani sana. Na katani tunayo mlangoni. Mkonge uliingizwa huku na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, na mashamba yote haya yakatokana na hiyo. Nyuzi zake ukizilowesha maji kidogo zinatii mkono. Suka tatu tatu kama nywele za mtoto, zungusha, shona kwa kamba nyembamba, umepata zulia la kufutia miguu ambalo mchanga wa masika hauliwezi.

Watoto wasikae pembeni. Wa miaka mitano anaweza kutunga shanga kubwa, kupanga miraba kwa rangi, kujaza mwanasesere vitambaa chakavu. Macho ya mwanasesere yashone kwa uzi, usiweke vifungo kama kuna mdogo anayetia kila kitu kinywani. Mwanangu mkubwa ndiye anayechagua rangi za viraka vya kaptula zake, na tangu aanze kuchagua hataki kaptula yenye kiraka itupwe.

Cherehani? Nunua mkono ukishazoea na kazi ikishakuzidi. Ya kukanyaga au ya mkono haili umeme wa LUKU, na inarekebishika mtaani. Ya mtumba usiinunue kwa kuitazama. Nenda na kitambaa chako, cha kanga na cha jinzi, na uzi wako. Zungusha gurudumu polepole usikilize kama linakwama. Shona mstari, geuza kitambaa, tazama chini: kama uzi wa chini, ule wa bobini, umelala kama kamba iliyonyooka na wa juu unauzungukia, mkazo wa uzi haujakaa sawa, mwambie muuzaji aurekebishe ukiwa hapohapo, akishindwa ondoka. Sindano namba 11 ni ya vitambaa vyepesi, 14 ya kanga na shuka, 16 ya jinzi. Tia mafuta ya cherehani, si ya kupikia, ambayo yanaganda na kuwa gundi. Na kwa sisi wa karibu na bahari, ukimaliza kushona futa chuma chote kwa kitambaa kikavu, ifunike, na sindano zako zihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko, zikiwa zimechomekwa kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta hayohayo, kwani hewa ya chumvi huzipiga kutu upesi, na sindano yenye kutu huacha alama kwenye kitambaa cheupe.