Jibu: Darasa la kwanza, serikali au binafsi?

Salaam dada. Umekwama kati ya shule ya serikali hapo mtaani na ile binafsi ya mchepuo wa Kiingereza, na nyumbani mshahara ni mmoja. Umeuliza pia kuhusu bweni.

Anza na matokeo kabla ya ada. Tovuti ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Tanzania, ina matokeo ya darasa la nne na la saba, shule kwa shule. Tazama miaka kadhaa, na idadi ya watahiniwa pia. Kuna shule wanaosuasua huhamishwa kimyakimya kabla ya mtihani. Halafu nenda siku ya kawaida, hesabu watoto darasani.

Wangu mmoja yuko serikali. Ada hakuna, ila sare, madaftari na michango ya chakula ipo. Mwingine yuko binafsi, na kinachotubana zaidi ni basi la shule. Tatizo la kweli ni Kiingereza, maana sekondari ndiyo lugha ya kufundishia. Huyu wa serikali tunamlipia tuisheni ya Kiingereza jioni, na bado ni nafuu mno. Kwa mshahara mmoja, mimi ningeanza na serikali.

Bweni sina uzoefu nalo, wengine watakujibu.