Kabla ya kuandika bure, uliza nani mwingine analipwa

Jumatatu usiku, saa tano hivi, binti mmoja wa Morogoro kaniandikia WhatsApp. "Shikamoo dada. Kuna watu wameniomba niwaandikie makala kumi za tovuti yao. Wanasema kwa sasa hawana fungu la waandishi, ila jina langu litaonekana na nitajulikana. Nikubali?"

Niliitikia marahaba, nikamwahidi jibu kesho yake, kisha usingizi ukagoma. Ujumbe huo niliwahi kuupokea mimi mwaka 2011, karibu neno kwa neno, na nilijibu ndiyo kabla mwenzangu hajamaliza kueleza.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimepanga chumba kimoja Mbagala. Jarida moja la hapa Dar, ambalo sitalitaja, likanipa safu ya kila wiki. Mshahara hakuna, nauli hakuna. Nilikuwa naandika kwenye daftari usiku, asubuhi napanda daladala hadi intaneti kafe, nalipia saa mbili za kuchapa, natuma. Kuna wiki nilikuwa na elfu tano moja tu, ama ninunue LUKU ama nikachape makala. Nilichapa makala, nikakaa gizani siku tatu. Makala hiyo ninayo mpaka leo, ukurasa wa 14. Pembeni yake kuna tangazo la benki, ukurasa mzima, la rangi. Sikujiuliza kabisa tangazo lile limelipiwa shilingi ngapi. Nilikuwa naangalia jina langu.

Niliandika makala 71. Ukipiga hesabu ya nauli, vocha na kafe, mimi ndiye niliyekuwa nawalipa wao.

Kilichonifungua macho ni sherehe ya jarida hilo kutimiza miaka mitano. Toleo maalumu niliandika zaidi ya nusu yake, na risala aliyosomewa mgeni rasmi niliiandika mimi. Sherehe ilifanyika kwenye bustani moja Mikocheni. Nikapewa fulana yenye nembo ya jarida na sahani ya pilau, nikafurahi. Wageni walipoondoka nikabaki kusaidia kukusanya viti. Fuso la mwenye maturubai likaingia kinyumenyume, vijana wawili wakaruka chini, lakini hakuna aliyegusa kamba. Mzee mwenyewe akamwendea mhasibu akamwambia, "Bosi, tumalizane kwanza." Mhasibu akaenda kwenye gari, akarudi na bahasha ya kaki. Yule mzee alilowesha kidole kwa ulimi, akahesabu noti moja moja juu ya boneti ya Fuso, akarudia tena mara ya pili, ndipo akawapungia vijana mkono wafungue kamba. Baada yake akaja mama wa chakula. Akaja mpiga muziki. Akaja mshehereshaji. Kila mmoja na bahasha yake.

Mzee akaniona nimesimama na fulana mkononi. Akaniuliza, "Na wewe binti, umemalizana nao?"

Nikamjibu, "Mimi ni mwandishi."

Akanitazama, akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Nilitembea hadi kituoni nikijisikia aibu ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Wiki iliyofuata nikamwomba mhariri tuzungumze malipo. Hakukasirika. Alitabasamu akasema, "Mdogo wangu, wewe tunakulea." Imepita zaidi ya miaka kumi na neno hilo bado linaniuma. Mwanao humwachi akae gizani ili wewe uuze tangazo la benki. Niliacha siku ileile, na safu yangu akapewa kijana mwingine. Sijui naye alimaliza na makala ngapi.

Huko kujulikana walikoniahidi, sikukuona. Nimeishi kwa kalamu tangu 2013, nimeandikia mashirika, kampuni na wachapishaji, na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniambia alinisoma kule. Mteja wangu wa kwanza wa kulipa alinipata msibani. Jirani yetu alifiwa na mume, nikamwandikia wasifu wa marehemu, ukasomwa kabla ya mazishi. Mmoja wa waombolezaji aliuliza nani kauandika. Alikuwa anafanya kazi kwenye shirika linalotafuta mtu wa kuandaa vijarida vya afya. Na wasifu ule sikuuandika nikitafuta mteja. Niliuandika kwa sababu mama yule alinipa chakula chake nilipokuwa sina.

Kwa hiyo msinielewe vibaya. Bado naandika bure, na nitaendelea. Wasifu wa marehemu sijawahi kumtoza mtu. Risala za kikoba chetu naandika bure, kwa sababu mweka hazina naye hana posho, na katibu anatumia bando lake mwenyewe. Blogu hii naandika bure, kwa sababu ni yangu, na asubuhi nikitaka kuifunga naifunga. Swali langu siku hizi ni moja: katika kazi hii, nani mwingine analipwa? Kama mlinzi analipwa, aliyetengeneza tovuti analipwa, mwenye jengo analipwa kodi yake, kwa nini fungu liishe likifika kwa mwandishi? Hapo ni kwamba walipopanga bajeti hawakukuhesabu.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya kwetu, nchi maskini. Hapana. Huffington Post, tovuti ya habari ya Marekani, ilijazwa kwa miaka na maelfu ya waandishi wa blogu wasiolipwa hata senti. Februari 2011 kampuni ya intaneti ya AOL ikainunua kwa dola milioni 315. Waandishi wakiongozwa na Jonathan Tasini wakaenda mahakamani kudai dola milioni 105, na mwaka 2012 wakashindwa. Jaji alisema walijua tangu mwanzo kwamba hawatalipwa, na walikubali. Niliposoma hukumu hiyo nililia, maana niliiona ile "ndiyo" yangu ya 2011. Ukishasema "sawa, nitaandika bure", hakuna mahakama itakayokurudishia. Mtandao ule uliufunga mlango wa waandishi wa bure nyumbani kwao Marekani Januari 2018, lakini fedha za AOL zilikuwa zimeshagawanywa zamani.

Ndugu mwandishi, elewa thamani ya unachoshika. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kitu ambacho sheria inakilinda mpaka wajukuu zako wawe watu wazima, unakigawa kwa ahadi ya kujulikana? Kujulikana na nani? Mwenye nyumba wako anakujua tayari, na mwisho wa mwezi anagonga mlango.

Wakikuomba sampuli, watumie ulizokwisha kuandika. Usiandike mpya kwa mada yao, kwani nimeona "sampuli" ikichapishwa na mwenyewe akikuta simu haipokelewi. Omba nusu ya malipo kabla ya kuanza, kama yule mzee ambaye vijana wake hawakugusa kamba mpaka ahesabu pesa yake. Kuwa na TIN, yaani namba ya mlipakodi, andika ankara, na kampuni ikikukata asilimia 5 ya kodi ya zuio usigombane nao, dai cheti chake. Bei itaje wewe kwanza, kwa maandishi, na ukishaitaja nyamaza. Wengi wetu tunaitaja halafu tunaanza kuomba radhi wenyewe, "lakini tunaweza kuongea". Usiombe radhi! Fundi bomba haombi radhi.

Na usiniambie wewe bado mchanga. Fundi mwanafunzi analipwa kidogo, lakini jioni hapewi fulana akaambiwa analelewa.

Yule binti nilimjibu Jumanne asubuhi. Nikamwambia awaulize swali moja tu, kwa adabu: katika tovuti hiyo, nani mwingine anafanya kazi bila malipo? Na ataje bei yake kwenye ujumbe huohuo. Jana kanitumia picha ya mazungumzo yao. Wamesoma, tiki zote mbili za bluu, na hawajajibu. Ameniuliza kama amekosea. Nimemwambia hajakosea, awasubiri mpaka Ijumaa, na wakati anasubiri aniletee makala zake tatu bora tuzipange vizuri kwa ajili ya mteja mwingine.