Mkono ulikuwa unauma kwa sababu nilikuwa naubana mpira

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba anacheza bolingi, ule mchezo wa kuviringisha mpira mzito kuangusha pini zilizosimamishwa mwishoni mwa njia, mara tatu kwa wiki, kidole gumba kimevimba kwenye shina, na bado alama 140 zinamshinda. Nilisoma ujumbe ule mara mbili. Alikuwa ananieleza mimi wa miaka miwili iliyopita.

Nilijivunia nguvu. Nilichukua mpira wa ratili 16, uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, zaidi kidogo ya kilo 7, nikawa naurusha kama mtu anayevunja mlango. Pini zikitawanyika watu walishangilia, basi nikazidisha. Usiku kifundo cha mkono kiliwaka moto hadi nikashindwa kufungua chupa ya maji. Siku moja mchezaji mwenzangu aliniambia mbele ya wote kwamba mimi sichezi, napigana. Maneno yale hayajaacha kuniuma, ingawa yalikuwa kweli.

Nikaanza upya kwa ratili 13. Kwa wiki kadhaa sikuandika alama hata moja. Nilisimama karibu na mstari wa faulo, ule usiotakiwa kuuvuka unapoachia mpira, nikauachia mkono uning'inie kutoka begani na kubembea kama timazi ya mwashi, bila kuusukuma. Ni kazi ya kuchosha moyo, hasa pale walioanza jana wanapokupita.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba tundu la gumba kwenye mpira lilikuwa pana. Miaka yote nilikuwa naubana mpira usiniponyoke, na ukibana, misuli inakaza kuanzia kiganja hadi kiwiko na gumba linachelewa kutoka. Linatakiwa litangulie kutoka, kisha kidole cha kati na cha pete ndivyo viupe mpira mzunguko.

Mimi hutumia hatua nne kuufikia mstari, na narusha kwa mkono wa kulia. Ya kwanza mpira unasogezwa mbele, ya pili unashuka kando ya mguu, ya tatu unafika juu nyuma yako, ya nne mguu wa kushoto unateleza na mpira unaondoka. Kunja goti, usikunje mgongo. Macho yabaki kwenye mishale iliyochorwa kwenye njia, mita 4 na ushee kutoka mstari wa faulo. Pini ziko mita 18, ukizikodolea macho bega linajipinda kuzifuata.

Jumamosi nilipata 187. Sijawahi kufika hapo, na kifundo kimetulia.

Kwa hiyo ndugu yangu, acha kutafuta nguvu. Pumzisha mkono kwanza, na kama gumba linakufa ganzi, muone daktari, usijikaze. Ukirudi, ning'iniza mpira kando ya mguu ukilegeza kiganja, mkono mwingine ukiukinga kwa chini. Ukiponyoka, usirushe hata mara moja siku hiyo. Mpelekee fundi wa mipira akuzibie tundu na kulitoboa upya kwa kipimo cha kidole chako.